Mapazia ya Kaniki

Jumatatu, 4 Julai 1949

Sauti ya majani. Haijanitoka tangu jana adhuhuri. Majani makavu yakikwaruza tumbo la lori, taratibu, kama mtu anayefagia uwanja. Nilikuwa nachagua mchele kwenye ungo mapajani. Nikadhani barabara imeota nyasi tu. Nilipoinua macho, barabara ilikuwa kulia kwetu, mbali, nyeupe. Elisha ameshika usukani kwa mikono miwili. Amefumba macho.

Nilipiga kelele. Akazinduka, akakanyaga breki, mchele ukamwagika wote. Hatua kumi mbele yetu, mninga mkubwa.

Alisema alikuwa anakwepa shimo. Alipokwenda kujaza maji kwenye rejeta nilirudi nyuma kwa miguu kuangalia. Hakuna shimo.

Leo nimechemsha chai kama kila siku. Nimekunja godoro, nimefagia. Nyumba yetu ina urefu wa hatua saba. Kitanda juu ya masanduku ya nta, jiko la mkaa karibu na mlango wa nyuma, daftari hili chini ya mto wangu. Miezi minane tangu tufunge ndoa kanisani Ntalikwa, baba akasema hajapata kusikia binti anayeolewa ndani ya gari. Ni lori kuukuu la jeshi. Elisha aliendesha la namna hiyo huko Bama, ng'ambo ya bahari, wakati wa vita, akarudi hawezi tena kulala chini ya paa lisilotembea. Nami nilitaka hivyo hivyo. Kuta za shule ya bweni zilinitosha. Tunapeleka nguo na sabuni, tunarudi na nta, asali na chumvi ya Uvinza. Njia ile ile ya wapagazi wa zamani. Wawili tu.

Nilikuwa na raha. Naandika "nilikuwa".

Jumatano, 6 Julai

Homa tena saa sita mchana. Anasema malaria. Anameza kwinini, anakunja uso, anasema yamekwisha. Hayajakwisha.

Begani kushoto kuna kovu la lile jipu la mwezi wa Mei. Ndorobo alimuuma karibu na Usinge. Wakati ule tulicheka. Nzi huyu huuma kila mtu huku, hupenya hata shati. Lakini jipu la Elisha lilikaa wiki mbili, gumu, halitoi usaha.

Leo nikimsugua mgongo nilipapasa shingo yake. Vinundu vitatu. Vinateleza chini ya ngozi kama punje za karanga. Alinishika mkono akautoa. Polepole.

Nalijua jina la ugonjwa huo. Siliandiki.

Alhamisi, 7 Julai

Tumepokea nta kwa warina asali watatu waliotoka porini na nyuki bado wamewaganda nguoni. Watu wa utani. Mkubwa wao alimwona Elisha amelala juu ya gunia, jua la saa nne, mdomo wazi. Akanigeukia.

"Shemeji, huyu humwachi apumzike usiku?"

Wenzake walicheka mpaka wakashikilia mti. Nami nikacheka. Nilijisikia nikicheka, sauti ya juu, kama ya mtu mwingine.

Walipoondoka nilikwenda kumwamsha. Kipande cha michembe, viazi vikavu, kilikuwa bado mdomoni. Alikuwa amelala katikati ya kutafuna. Nilikitoa kwa kidole. Hakuamka.

Ijumaa, 8 Julai

Sina mtu wa kumwambia. Mbele pori, nyuma pori.

Nafikiri juu ya bibi yangu, mzaa baba. Alitembea njia hii mara nne na babu aliyekuwa pagazi. Mwanaume hubeba pembe au vitambaa, mkewe hubeba chungu, unga na mkeka. Utotoni nilipenda hadithi zake zote isipokuwa moja. Pagazi akishindwa kutembea, msafara haukumngoja. Mzigo wake uligawanywa. Yeye aliwekwa kivulini, akaachiwa kibuyu cha maji na moto uliowashwa. Wake wengine waliendelea na msafara, maana kubaki ni kufa wawili. Bibi alisema mmoja alibaki. Nikamwuliza huyo ikawaje. Bibi akasema, "Sisi tuliendelea. Nitajuaje?"

Leo najiuliza swali hilo hilo.

Elisha alinifundisha kuendesha mwezi wa Aprili, kwenye mbuga tambarare, akicheka kila nilipolizima gari. Gia ya kwanza na ya pili. Nyingine tukasema baadaye.

Jumapili, 10 Julai

Tumepita kizuizi cha ndorobo. Nimesema uongo.

Niandike kwa utaratibu. Kila gari linalokwenda magharibi husimama pale. Gogo limelazwa barabarani. Mlinzi hulizunguka gari na wavu wa mkono, hunasa nzi wote waliolifuata, ndipo husoma cheti cha njia. Pembeni kuna zahanati ya malale, vibanda vitatu vilivyopakwa chokaa. Ukiwa mgonjwa hupiti. Unaitiwa dresa, anakuchoma sindano ya uti wa mgongo kutazama maji yake, na ukikutwa nao unabaki hapo.

Kabla hatujafika Elisha alisimamisha gari. Akavaa koti, akafunga vifungo mpaka kidevuni. Akanawa uso mara mbili. Akasema mimi ndiye nitakayejibu, kwa kuwa mimi nina maneno mazuri. "Wewe ni Mwalimu." Ndivyo anavyoniita, tangu uchumba, kwa ajili ya madarasa niliyosoma. Siku nyingine hunichekesha.

Mlinzi ni Maganga, mtu wa Kigwa, mfupi, mcheshi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anachungulia ndani. Uwanjani watu wawili walikuwa wakitembea wamebeba kitambaa cheusi kilichofungwa kati ya miti miwili, kama watu wanaopeleka pazia mahali. Wa tatu nyuma yao na wavu. Nikauliza wanafanya nini.

"Ndorobo hupenda kitu cheusi kinachotembea," Maganga akasema. "Basi tunamtembezea."

Kisha akayaona mapazia yangu.

Mapazia ni ya kaniki. Nilinunua mwenyewe, dukani kwa Mwarabu mmoja Kanyenye, juma la harusi. Weusi wake hauonyeshi vumbi, ndiyo sababu. Mwarabu hakuwa na uzi mweusi. Nilikunja pindo kwa uzi mwekundu na nikaona yamependeza. Yananing'inia pande mbili za lori, yanapepea tukienda. Miezi minane.

Maganga aliingiza mkono kwenye mikunjo. Akawa anawatoa mmoja mmoja, anawatia kwenye chupa. Kumi na mmoja.

"Mama," akasema, "wewe umewatandikia kitanda."

Wenzake wakacheka. Elisha naye akacheka, kwa kuchelewa, kama aliyesikia utani kutoka chumba cha pili. Maganga alimtazama. Kisha akanitazama mimi, akauliza wanavyouliza wote.

"Mko wazima?"

"Wazima," nikasema.

Gogo likaondolewa.

Jumatatu, 11 Julai

Nimeyashusha mapazia. Nimeyakunja, nimeyasukuma chini ya masanduku. Elisha hakuuliza kwa nini jua linatupiga.

Ni mimi. Aliyeyachagua ni mimi, aliyeyashona ni mimi. Binti aliyesoma. Niliwaita nzi kutoka pande zote za Unyamwezi na nikawalaza karibu na bega la mume wangu.

Nilimwambia turudi kizuizini. Alinipigia kelele. Hajapata kunipigia kelele. Alishika birika akalitupa, likaenda kugonga mti, mfuniko umepotea. Kisha akakaa chini akaniambia ya Saidi.

Saidi alikuwa rafiki yake wa jeshini, dereva mwenzake. Walirudi pamoja kutoka vitani. Saidi akashikwa na malale, akachomwa sindano zote, akapona. Alitoka zahanati akiongozwa kwa fimbo. Dawa ilimla macho. Elisha alimkuta Tabora amekaa kwenye kibaraza cha ndugu yake, amegeuzia uso magari yanakopita, anayataja kwa mlio wa injini. Hakosei hata moja.

"Mimi sitakaa kibarazani," Elisha akasema. Alipomaliza kusema alikuwa amekwisha lala.

Basi ndicho anachoogopa. Haogopi kufa. Anaogopa kuwa mtu asiyeendesha. Nami naogopa vyote viwili, pamoja na cha tatu, kwamba nitakaa kimya kwa sababu ni rahisi.

Jumatano, 13 Julai

Amelala mara sita kabla ya saa sita.

Ninakaa karibu naye, mkono wangu wa kulia umeshika chini ya usukani. Kichwa kikiinama namfinya. Paja lake lina alama za kucha zangu. Haoni uchungu, au hasemi.

Tunakwenda mwendo wa baiskeli. Mwendesha baiskeli mmoja alitupita, akatupungia kwa dharau.

Uji vijiko vinne. Mikono inatetemeka. Alinikasirikia kwa sababu ya kijiko, kisha akasahau kuwa amekasirika, kisha akanitazama kama anatafuta jina langu.

Nasikia majani kila wakati. Hata gari likiwa limesimama.

Alhamisi, 14 Julai

Tumefika karibu na Malagarasi. Kutoka hapa naona ukungu wa mto juu ya matete. Kesho asubuhi kivuko. Ng'ambo, mwenye kivuko ameniambia, siku nne bila zahanati, na daraja moja la miti lililooza ambalo madereva wazima hulivuka huku wakiomba. Nimemwuliza mara mbili. Amenitazama kwa huruma, sijui ameona nini.

Jioni hii, jua halijazama, Elisha aliamka na akili zake zote. Hutokea hivyo, saa moja kwa siku, na ndiyo saa ninayoiogopa zaidi. Anakuwa yule yule. Alitengeneza mpini wa birika lililobonyea. Alinitania kwamba nimekonda, baba atadai mahari ilipwe upya. Kisha akanishika mikono.

Akaniapisha kwa kaburi la mama yangu kwamba sitampeleka kwenye sindano. Alisema mke anayempeleka mume kwenye upofu si mke. Alisema tukifika Ujiji kuna mzee wa dawa za mizizi. Alisema maneno haya kwa upole.

Nikaapa.

Niliapa kwa sababu alikuwa ananitazama machoni, na macho yake yalikuwa yananiona.

Sasa amelala. Ufunguo uko kwenye mfuko wa shati lake, upande wa moyo. Unapanda na kushuka. Najua gia mbili tu.

Jumapili, 24 Julai

Siku kumi sikuandika. Mikono ilikuwa na kazi nyingine.

Kumetulia leo. Vibanda vitatu vya chokaa, mpapai mmoja, kuku wa dresa. Mtu anaimba zaburi kwa Kinyamwezi kwenye kibanda cha mwisho, kwa sauti ndogo, bila kukosea maneno.

Siku ile ya kivuko tulipanga foleni ya gari moja. Yetu. Mwenye kivuko alikuwa anamalizia uji wake. Hata saa mbili ya asubuhi haijafika, Elisha akalalia usukani, honi ikalia mpaka nikamwinua. Mwenye kivuko akauliza tunavuka au vipi. Nikamwambia tumesahau kitu.

Nilimvuta kwa makwapa kumhamishia upande wangu. Amekuwa mwepesi. Hilo ndilo lililoniliza, wepesi wake. Nikachukua ufunguo. Nililizima gari mara tano kabla halijakubali kugeuka, na mwenye kivuko amesimama na bakuli lake. Nilivunja kiapo hapo, kwenye tope la matete, gia ya kwanza. Nalijua hilo. Sijisamehe wala sijutii.

Siku mbili. Sikuwahi kujaribu gia ya tatu. Lori linanguruma kama linachinjwa, miguu yangu haifiki vizuri, nilikalia sanduku la nta. Niliogopa kila mti. Niliogopa akiamka na niliogopa asipoamka. Asubuhi ya pili aliamka. Alikaa kitambo anatazama mbele, amekunja macho. Dereva hata akiwa mgonjwa ni dereva.

"Mwalimu," akasema. "Jua liko usoni."

Asubuhi, anayekwenda Ujiji hupigwa na jua kisogoni.

"Liko usoni," nikasema.

Akanyoosha mkono kushika usukani. Vidole havikufunga. Nikauweka mkono wake mapajani mwake, nikabadilisha gia. Machozi yalimtoka mpaka shingoni, kwenye vile vinundu, naye akawa hayafuti.

Maganga alitusikia kabla hajatuona. Alikuwa amesimama katikati ya barabara na wavu wake, anashangaa lori linalorudi siku ambazo hazijatimia, mwanamke kwenye usukani. Akazunguka gari kama kawaida. Akauliza kama kawaida.

"Mko wazima?"

"Mimi mzima. Mume wangu ana malale. Siku ile nilikudanganya."

Nilingoja anitukane. Aliweka wavu chini. Akasema alijua, na kwamba tangu siku ile amekuwa akisikiliza barabara. Kisha akapaza sauti kumwita dresa.

Dresa ni kijana mwenye miwani, mnyamavu. Hakunificha. Maji ya uti wa mgongo yana ugonjwa. Pasipo sindano, mwezi mmoja, labda miwili. Sindano huponya wengi, na katika hao baadhi huharibikiwa macho, hajui ni nani mpaka itokee. Akauliza kama tunakubali. Elisha alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikasema tunakubali. Nilisema kwa wingi, kama tulivyokuwa tukiandika majina yetu mawili kwenye masanduku ya nta.

Tangu hapo hakusema nami. Sindano ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Anakula kutoka mkononi mwangu na anageukia ukutani. Kila asubuhi namwangalia macho anapoyafumbua, kama yataifuata nuru ya mlango. Yanaifuata. Kesho yake naangalia tena. Sijui kama kuna hofu iliyo ndefu kuliko hii. Bibi hakuwahi kunieleza aliyebaki aliogopa nini. Hakujua.

Juzi alilala usiku tu. Jana alikaa mwenyewe.

Leo baada ya zaburi tulimtoa nje, akaegemea ukuta. Mimi namenya papai. Watu wa nzi wakapita ng'ambo ya uwanja, wawili mbele, mmoja nyuma, kitambaa cheusi kimenyooshwa kati ya miti. Kile cha zamani kilikuwa kimechanika. Cha sasa niliwapa mimi Jumanne iliyopita. Kimefanya kazi nzuri, Maganga anasema hakuna kitambaa kilichowahi kupendwa hivyo.

Elisha alikuwa anawafuata kwa macho. Kutoka kushoto mpaka kulia, hatua thelathini kutoka tulipo.

"Lile pazia letu," akasema. Sauti kavu, ya mtu aliyesahau ilivyo. "Lina uzi mwekundu."

Kisu kiliniponyoka. Nilikiokota, nikaendelea kumenya papai lile lile, maana sikujua la kufanya na mikono. Nikasema, ndiyo, ni letu.

Sindano bado nne. Dresa amesema nisifurahi mapema. Sijafurahi.

Akauliza lori liko wapi. Nikamwambia nyuma ya kibanda cha tatu, juu ya magogo. Niliazima mgongo wa Maganga na nikatumia jeki yetu. Matairi nimeyatoa yote, yamelala chini ya kitanda chake. Maji ya rejeta nimeyamwaga. Dereva anajua maana yake. Gari lililo juu ya magogo halingoji mtu, yeye au mimi, aamke vibaya asubuhi moja akaondoka nalo.

Nilitazamia kelele. Hakukuwa na birika karibu, nilikwisha angalia.

Aliniuliza nilianza kuinua wapi, mbele au nyuma.

Mbele, nikasema.

"Huanzwa nyuma, Mwalimu."

Nikamwambia nitakumbuka. Lakini limekwisha inuka, na litakaa hapo.